Usininunulie Tumbo

Jumapili moja jioni mpwa wangu alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ndama dume wanne wamesimama kando ya Fuso, ngozi zinang'aa kama zimepakwa mafuta (na naamini zilipakwa), matumbo mviringo kama mitungi. Chini yake aliandika: "Mradi umeanza, wakubwa." Nusu saa haijaisha, hongera zilikuwa zimepita thelathini. Shangazi wa Bunda akasema hao ni ng'ombe wa ranchi. Binamu aliyeko Dar es Salaam, ambaye mara ya mwisho kushika mkia wa ng'ombe alikuwa bado anavaa kaptula ya shule, akaandika kwamba wameumbika. Wameumbika! Niliikuza ile picha kwa vidole, nikatazama ubavu wa ndama wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha nikailaza simu kifudifudi mezani nikaenda kusimama zizini kwangu mpaka hasira iliponipungua.

Sikuandika kitu kundini. Naandika hapa, mahali ambapo shangazi hawezi kunijibu kwa kikaragosi cha moyo.

Nimekulia Buswahili, wilayani Butiama, pale ambapo Mto Mara, baada ya safari yake yote kutoka Mau kule Kenya na kukatiza Serengeti, unachoka na kujilaza kwenye tindiga la mafunjo kabla ya kupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani. Wanaoikumbuka Machi 2022, maji ya mto yalipogeuka meusi na samaki wakaelea, watakumbuka pia kwamba kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo miongoni mwa sababu, na nchi nzima ikaangua kicheko. Huku hatukucheka sana. Mtu aliyewahi kuona ng'ombe wanavyoteremka tindigani kiangazi kikikaza hacheki upesi. Basi nikisema ndama wa mpwa wangu ni wabaya, nasema nikiwa mtu niliyeanza kuswaga kabla sijajua kusoma, wala sikuwa peke yangu: Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchungaji hapo Butiama mpaka alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili.

Kuna methali inayosema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Mwenye ekari mbili na zizi moja, anayetaka ndama wanne wa kunenepesha ili awauze baada ya miezi kadhaa, ndiye maskini pekee duniani anayeombea dume. Lakini dume gani? Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wanakwenda mnadani na macho ya mchinjaji. Mchinjaji anatazama nyama iliyopo. Atamchinja kesho, ana haki ya kupenda paja lililojaa na mgongo uliofunikwa. Wewe nyama unakwenda kuiweka mwenyewe, kwa mashudu yako, pumba zako na majani uliyokata kwa jasho lako. Ukinunua ndama aliyekwisha kujaa umelipia kazi ambayo ungeifanya kwa bei nafuu zaidi, na umebakiwa na pa kufanyia kazi padogo. Nunua nafasi. Nunua mifupa mirefu iliyotandazwa vizuri na kitu kidogo sana juu yake.

Zebu wetu wa pembe fupi si ng'ombe mkubwa. Akikomaa yuko baina ya kilo mia mbili na mia tatu na hamsini, na wengi wa huku hawaigusi hata hiyo mia tatu. Ukimlisha vizuri kwa siku tisini, anaongeza nusu kilo kwa siku au zaidi kidogo. Ukiwa na bahati na mashudu ya pamba yasiyo na uvundo, yanayotoka Bunda, anaikaribia kilo. Fanya hesabu mwenyewe. Kilo hamsini, sitini, sabini, ndiyo faida yako yote imo humo, na itategemea kama ulinunua mwili wenye njaa au mwili wenye ugonjwa. Kwa mbali viumbe hawa wawili wanafanana. Wote wamekonda, wote manyoya yamesimama, wote wanauzwa rahisi. Mmoja atakujengea bafu la matofali. Mwingine atakula mashudu ya mwezi mzima, akutazame kwa macho ya huruma, afe siku ya mnada.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo katika miaka yangu yote mnadani sijaona mgeni hata mmoja akilifanya bila kufundishwa: kushika ngozi ya ubavu wa mwisho.

Sisemi kupapasa. Kupapasa kila mtu anapapasa, hasa wale wanaotaka muuzaji aone kwamba wanajua. Anampiga ndama kofi mgongoni, vumbi linaruka, anatikisa kichwa kama hakimu, basi amemaliza ukaguzi. Ninachosema mimi kinataka utulivu. Simama upande wa kushoto, karibu na bega, useme naye kidogo kwa sauti ya chini mpaka aache kukuogopa, maana ndama aliyejikaza na ngozi yake hukaza, akakudanganya bila kukusudia. Peleka mkono taratibu mpaka pale mbavu zinapoishia na shimo la njaa linapoanza. Chukua ngozi kwa gumba na vidole viwili, bila kucha, uivute kuja kwako kama unavyovuta shuka chini ya mtoto aliyelala na hutaki aamke.

Kwanza utajua kama inakuja au haiji. Kwa ndama mwenye njaa tu inakuja. Inateleza juu ya mbavu kama koti la baba kwa mtoto wa darasa la kwanza, na koti hilo limeshonwa kwa ajili ya mtu mkubwa atakayekuwa. Mafuta yamekwisha, nyama imepungua, lakini ngozi ilikwisha kukatwa kwa kipimo cha mwili wake wa kweli, na inamsubiri. Akikutana na chakula atakimbilia kulijaza lile koti kwa kasi ambayo wenzake walioshiba tangu utotoni hawaiwezi. Ndugu zangu wa vyuo wana maelezo yao marefu kuhusu jambo hilo, baba mdogo wangu alikuwa akisema tu, "Huyu ana deni na Mungu, na Mungu hulipa masika."

Kwa ndama mgonjwa wa siku nyingi, ngozi haiji. Unaibana, vidole vinateleza, unapata manyoya tu. Imeganda kwenye mbavu kama karatasi ya gundi, kavu, haina ule ulaini wa chini. Minyoo ya muda mrefu hufanya hivyo. Minyoo bapa ya ini hufanya hivyo, nayo kwa ng'ombe wanaolishwa pembezoni mwa tindiga, kwenye konokono, si jambo la kuuliza kama wapo bali wako wangapi. Nagana hufanya hivyo kwa ng'ombe waliotoka upande wa hifadhini kwenye mbung'o. Ngozi ya namna hiyo hata ukiilisha molasi kwa kijiko haitafunguka leo wala mwezi ujao. Si kwamba ndama huyo hatibiki. Anatibika, lakini siku tisini zako zitaishia kwenye matibabu, na mwisho utauza ng'ombe aliyepona, si ng'ombe aliyenona.

Kuna ngozi ya tatu inayowachanganya hata wazoefu. Inakuja vizuri, ila ukiiachia inabaki imesimama kama hema, inarudi polepole kama mtu anayesita. Huyo hana maji. Pengine ameswagwa kutoka mbali tangu usiku, pengine ameshinda juani hajanywa, pengine anahara. Usimkatae, ila usimlipie bado. Omba anyweshwe, kanywe chai, urudi baada ya saa moja uishike tena. Muuzaji akikuambia hana muda wa kusubiri, umekwisha kupata jibu bila kuigusa ngozi mara ya pili.

Baba mdogo nilimwona akifanya hivi mwaka mmoja wa ukame, mimi nikiwa darasa la tano, na nilichukuliwa kwa kuwa palihitajika mtoto wa kuswagia nyuma. Kiangazi kilikuwa kimekaba hata mafunjo yamegeuka rangi ya chai. Mnadani kulikuwa na dume mmoja mwekundu, tumbo limejaa, watu wamemzunguka, bei inapanda. Baba mdogo alipita katikati yao, akaushika ule ubavu, akauachia, akaniambia kwa sauti ambayo nadhani alitaka isikike: "Hii ngozi imeshonewa kwenye mbavu." Kisha akaenda mwisho kabisa wa uwanja, chini ya mti usio na kivuli, akanunua ndama watatu ambao mbavu zao ungezihesabu ukiwa barabarani. Njiani tulikutana na wanawake wanaotoka kisimani wakatuuliza kama tunawapeleka kuwachuna. Mmoja alikufa wiki ya tatu, ndigana kali, na hilo nalisema ili mtu asidhani ngozi ni mganga. Ngozi haina habari na ndigana. Wawili waliobaki, mpaka mvua za Aprili zinakatika, walikuwa wanavuta plau, na yule mkubwa wao tuliishi naye zizini miaka tisa.

Zamani watu waliojua kazi hii walikuwa watu wa plau. Hakuna ng'ombe wa kulima anayemdanganya mtu kwa siku nyingi, maana mfereji unasema. Ukichagua vibaya Septemba unaaibika Oktoba, mbele ya majirani wote, jembe limekwama na maksai wako amelala. Aibu ile ilitufundisha macho. Siku hizi unanunua, unapiga picha, unapongezwa kabla ng'ombe hajateremshwa kwenye lori.

Basi yule mwekundu wa mnadani alikuwa na nini? Chumvi. Ujanja huu ni wa kale kuliko minada yenyewe na bado unawala watu kila wiki. Jioni ya kuamkia mnada ng'ombe anapewa chumvi au magadi mpaka ulimi unamkauka, ananyimwa maji usiku kucha, asubuhi anapelekwa kwenye lambo la karibu na uwanja. Atakunywa kama pampu. Akiingia mnadani saa nne, tumbo limejaa, ubavu umetanuka, hata lile shimo la njaa limefunikwa. Mgeni anaona ng'ombe aliyeshiba malisho mazuri. Na kwa sababu bei hupigwa kwa macho, umenunua debe la maji ya lambo kwa bei ya nyama. Kumgundua ng'ombe wa namna hiyo ni rahisi mno hata naona haya kusema. Kunja ngumi, iweke kwenye lile shimo la kushoto, sukuma kwa uzito wa bega lako. Ng'ombe aliyekula majani, ngumi inazama kama kwenye unga uliokandwa, na ukiiondoa alama inakaa kidogo kabla ya kufutika. Ng'ombe wa chumvi anayumba ndani. Unasikia kabisa mtikisiko, kama kibuyu kilichobaki nusu. Mara moja nilimfanyia hivyo ng'ombe wa kijana mmoja, akaniambia, "Mzee, unamwumiza." Nikamwambia mimi sijamwumiza, aliyemwumiza ni aliyemnyima maji usiku.

Wa pili kwa utapeli ni yule anayekuuzia mzee kwa jina la ndama. Kuna ng'ombe waliodumaa. Walikosa maziwa ya mama, au mama alikufa, au walinyonya foleni na binadamu mpaka hawakupata kitu. Mmoja wao ana miaka minne, urefu wa ndama wa mwaka na nusu, na dalali anakuapia kwa jina la marehemu baba yake kwamba huyu ameachishwa juzi. Fungua mdomo. Akiwa na meno ya maziwa yote, sawa, bado mtoto. Meno mawili makubwa ya katikati, yuko kwenye miaka miwili au ameivuka kidogo, maana zebu wetu huchelewa. Huyo ndiye ninayempenda mimi kwa kunenepesha, kwa sababu mifupa imekwisha kusimama na uhai bado mwingi. Manne, bado anafaa. Sita, ukisikia neno ndama ondoka. Na kama dalali hataki umfungue mdomo kwa kuwa "ni mkali", mtazame kichwa tu. Kichwa hakidumai sawasawa na mwili. Ndama mwenye kichwa cha babu yake, pembe nene shinani na mwili wa mbuzi, huyo hatakua, alikwisha kukua.

Mahari nayo iwekwe kwenye kundi la matapeli, wakwe wanisamehe. Mahari huhesabiwa kwa vichwa, na penye kuhesabu vichwa mtu husafisha zizi lake. Katika harusi ya binamu yangu mmoja, baba mdogo alitembea kwenye mstari wa ng'ombe wanane walioletwa, akishika ubavu mmoja baada ya mwingine bila haraka, wakwe wamekaa kwenye viti vya plastiki wanamtazama. Mzee mmoja wa upande wao akauliza kama wameleta ng'ombe au wagonjwa. Baba mdogo akajibu, "Sita ni ng'ombe." Wawili walirudishwa, harusi ilichelewa wiki mbili, na mpaka leo ukoo ule ukitusalimia hutusalimia kwa ukamilifu mno.

Mengine nitayapita haraka, ingawa yamewamaliza watu. Papasa chini ya taya: uvimbe laini, kama pochi yenye maji, ni ini lililoliwa na minyoo bapa, hata kama ndama mwenyewe anacheza. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega: tezi zilizovimba, na mwili una joto, usijadiliane bei, kwa sababu unanunua ndigana kali na utazika. Pindua kope utazame ndani. Ukiona weupe wa karatasi, damu haipo. Tazama mavi mkiani kabla hujatazama chochote kingine upande wa nyuma. Na uliza alikozaliwa. Ndama wa ukanda wa ziwani amekutana na kupe tangu ananyonya, wale dhaifu wamekwisha kufa, huyu aliyebaki ana kinga yake; lakini mleta ndama kutoka nchi kavu isiyo na kupe wengi, hata ndama huyo awe mzuri kama sanamu, ajue kwamba bila chanjo na bila kuogesha, mwezi wa kwanza ni kamari. Majosho yalipokuwa yanafanya kazi kila wiki, na bwana mifugo amesimama pale na daftari lake akikujua kwa jina, tulikuwa na ujasiri wa kununua popote. Leo kila mtu ana bomba lake la mgongoni na anachanganya dawa kwa kukadiria.

Kuhusu karatasi: usinunue ng'ombe bila kibali na bila mtu wa kijijini anayemjua muuzaji, hasa mkoani kwetu, ambako wizi wa mifugo umewahi kuzika watu. Chapa na hereni za kielektroniki zinazofungwa siku hizi ni jambo jema. Ila nimemsikia mtu mnadani akisema ndama wake ni bora kwa sababu ana hereni. Hereni itakuambia ng'ombe ni wa nani. Ubora, kashike ubavu.

Sasa umbo. Nataka mdomo mpana. Ndama mwenye mdomo mwembamba kama wa swala anachagua majani, anaokota. Mimi nataka anayekula kama mtu aliyeitwa na kazi. Baba mdogo alikuwa na mazoea ya kubeba pumba mfukoni mwa koti, anakwenda nazo mpaka puani kwa ndama, na yule anayetoa ulimi kabla hajaogopa ndiye anayemwuliza bei. Nataka mgongo ulionyooka na nyonga zilizoachana, kifua kilichopanuka baina ya miguu ya mbele kiasi cha kupitisha kofia. Miguu mirefu kiasi, ndiyo, mirefu. Watu wanapenda ndama mfupi aliyebanana wakidhani ni unene, kumbe ni mwisho wa habari. Mkia ushuke uvuke kifundo. Nataka pua iliyolowa. Na asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha, nataka kuona alama za kujilamba ubavuni, yale manyoya yaliyolala kwa mizunguko kama nywele za mtoto aliyechanwa na mama yake. Ng'ombe mgonjwa hajilambi. Akijilamba ana muda wa kujipenda.

Simnunui ndama mwenye pua ya waridi. Simnunui mwenye pembe zinazoinamia mbele. Mweupe tupu simnunui, na mwenye kipaji cheupe usoni nitamnunua endapo tu hakuna mwingine. Mpwa wangu aliwahi kuniuliza sababu, nikamwambia sababu ni kwamba sijawahi kujuta.

Na hii habari ya Borani. Siku hizi kila ndama mwenye nundu iliyolala upande na ngozi inayoning'inia shingoni anaitwa Borani, kama vile zamani kila mwalimu mwenye miwani aliitwa profesa. Borani wapo, ni ng'ombe hodari wa nyama, na ranchi za taifa zimewafuga miaka mingi. Mpwapwa nao wapo. Walitengenezwa kule kituoni Mpwapwa kwa kuchanganya damu za zebu wetu na za ng'ombe wa Kihindi na nyinginezo, wakapewa jina lao mwaka 1958. Lakini yule wa mnadani kwetu, aliyeletwa na mtu anayevaa koti la mvua kiangazi, ni zebu wa Mara aliyenyonya vizuri, na hilo halimpunguzii chochote. Nundu ni pambo la dume. Nundu kubwa kwa ndama wa mwaka mmoja inaniambia amekwisha kuanza kufikiria majike, na kama hukumhasi mapema atatumia mashudu yako kupigana na ukuta. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nundu ndiyo matembezi yenyewe.

Jumatano iliyofuata ile picha nilipanda boda mpaka kwa mpwa wangu. Sikutaka kumvunja moyo, hivyo nilikuwa nimebeba fuko la chumvi ya mawe ili nisionekane nimekuja mikono mitupu. Alinikaribisha kwa adabu, akaniita mjomba mara tano kabla hatujafika zizini. Wale wanne walikuwa wamesimama pamoja pembeni. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu mnada, chumvi yao imekwisha, mitungi imekuwa vibuyu. Mmoja alikuwa na meno sita. Nilishika ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu: gundi, gundi, gundi. Wa nne ngozi ilikuja, nzito kidogo, nikamwambia huyu mpe dawa ya minyoo leo, umtenge, anaweza kukurudishia hela ya wenzake. Hakujibu. Alikuwa anatazama vidole vyangu.

"Mjomba, kila mtu alisema wazuri."

Nikamwomba anionyeshe tena ile picha. Kwenye kona ya kulia, nyuma ya tairi la Fuso, nusu ndani nusu nje, kulikuwa na ndama mwingine niliyekuwa nimemwona tangu Jumapili na sikumtaja kwa mtu. Wa kijivu, miguu mirefu, mbavu zote nje, mdomo kama beleshi, na ubavuni, hata kwenye simu ilionekana, mizunguko miwili ya manyoya yaliyolambwa. Nikamwuliza huyu alikuwa wa nani.

"Aah, yule? Walikuwa wanamtoa kwa laki nne. Amekonda, mjomba, hata dalali alinicheka nilipouliza."

"Bado yupo?"

"Alichukuliwa mapema kabisa. Na mzee mmoja wa kofia ya pama. Hata hakubishana bei. Alimshika hapa ubavuni," mpwa wangu akajishika kiunoni kunionyesha, "kama anavyofanya mjomba, kisha akatoa hela."